Mbwa Abaki Kibarazani: Ushauri kwa Wenye Maduka na Wafuga Mbwa wa Tabora

Swali la mbwa kuingia dukani limeanza kusikika Tabora, na linastahili jibu la wazi kabla halijazaa ugomvi. Zamani halikuwa na uzito. Duka lilikuwa dirisha lenye nondo. Mteja alisimama nje akaagiza nusu kilo ya sukari, na mbwa aliyemfuata akajilalia kivulini. Siku hizi yapo maduka ya kujihudumia, ambako mteja anaingia na kikapu, anapita kati ya rafu na kushika bidhaa mwenyewe. Wapo pia watu wanaofuga mbwa kwa mapenzi na si kwa ulinzi tu: wanamwogesha, wanampa jina, wanatembea naye jioni kutoka Kiloleni hadi mjini. Ongeza wafugaji wanaoingia mjini kwa baiskeli, mbwa wakiwafuata nyuma, na watoto wanaotumwa chumvi huku mbwa wa nyumbani akikataa kubaki. Wote hao hufika mlangoni pa duka. Mwenye duka afanye nini? Mwenye mbwa naye afanye nini?

Jibu langu ni hili: mbwa asiingie dukani, abaki kibarazani. Wanaopaswa kuruhusiwa bila kutegemea hiari ya mwenye duka ni wa aina mbili tu: mbwa anayemwongoza mtu asiyeona, na mbwa anayepelekwa kwenye duka la dawa za mifugo kwa ajili ya tiba yake. Ila kumwacha nje si kumtupa nje. Kibaraza nacho kina utaratibu wake, na pande zote mbili zina wajibu. Nitaeleza sababu, kisha nitaeleza namna ya kulitekeleza jambo hili bila kumvunjia mteja heshima, bila kumtesa mnyama na bila kuharibu biashara.

Desturi ya kibaraza tunayo

Watu wa Unyanyembe, eneo hili letu la Tabora, wana uzoefu mrefu wa kupokea wageni wa kila namna, na mizigo yao, na wanyama wao. Katikati ya karne ya 19, wakati mji huu ukijulikana kwa wasafiri kwa jina la Kazeh, misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea miezi kadhaa, ikapita Mpwapwa, Ugogo na Tura, ikapumzika hapa kabla ya kugawanyika. Wengine waliendelea magharibi hadi Ujiji, wengine wakashika njia ya kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Vilipita vitambaa, shanga, waya za shaba na pembe za ndovu. Wakapita pia watu waliotekwa na kuuzwa utumwani, jambo ambalo hakuna anayeweza kuitaja njia hiyo akalinyamazia.

Richard Burton alifika Kazeh pamoja na John Speke mwezi Novemba mwaka 1857. Katika maandishi yake alieleza matembe ya wafanyabiashara wa hapa, yenye vibaraza vipana vyenye kivuli, ambako wanaume walipenda kukaa kwenye ubaridi wa asubuhi na utulivu wa jioni. Mazungumzo ya biashara na ya habari za njiani yalifanyika hapo. Ndani kulikuwa na bidhaa na familia. Mtu akitaka kuona nyumba ya aina hiyo, aende Kwihara, kwenye tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872, ambalo leo ni makumbusho.

Mbwa nao walipita njia hiyohiyo. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na mbwa aliyeitwa Omar, aliyemnunua Bombay ili amlindie hema. Omar alikufa njiani, msafara ukiwa bado haujafika Unyanyembe. Wanyamwezi nao wamekuwa na mbwa tangu zamani, wa kuwinda porini na wa kulinda boma usiku. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba mbwa ni mgeni kwetu, au kwamba kumpenda mbwa ni uzungu. Mbwa ni wa kwetu, na mahali pake tunapajua: mlangoni, uani, porini na machungani.

Kibaraza, basi, ni nafasi ambayo wazee wetu walikwisha kuitenga kati ya barabara na ghala. Maduka mengi ya mjini Tabora bado yanacho. Tukitumie.

Kwa nini asiingie

Sababu ya kwanza ni chakula kilicho wazi. Katika duka la kawaida la Ng'ambo au Isevya, mchele, maharage na karanga vimekaa kwenye magunia yaliyokunjwa midomo, sakafuni, usawa wa pua ya mbwa. Dagaa wa Kigoma wako kwenye ndoo bila kifuniko. Unga unapimwa hapohapo, na vumbi lake linatua chini. Mbwa akiingia atanusa, kwa kuwa ndivyo anavyoujua ulimwengu. Akinusa anaweza kulamba. Na dume, hata aliyefundishwa vizuri, anaweza kuinua mguu pembeni mwa gunia ili aweke alama yake. Manyoya yake hubeba kupe na viroboto, na kinyesi chake, au udongo ulioshika miguuni, huweza kuwa na mayai ya minyoo. Karanga ile mtoto ataitia mdomoni bila kuiosha.

Sababu ya pili ni imani za watu tunaoishi nao. Tabora ni mji wa Waislamu na Wakristo, na Waislamu wetu wengi wanafuata madhehebu ya Shafi. Katika madhehebu hayo mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito, ambayo hutakaswa kwa kuosha mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa aliyelowa maji akimgusa mtu aliyevaa kanzu anayekwenda sala ya Ijumaa, amemtwisha kazi ya kurudi nyumbani, na pengine kukosa sala. Tena hilo ni kwa mtu mmoja. Mbwa akilamba gunia la mchele, mwenye duka amepata tatizo la uaminifu kwa wateja wake wote Waislamu, ambao wana haki ya kujua wanachouziwa.

Lakini naomba imani isigeuzwe kuwa fimbo ya kumpiga mnyama. Dini hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Inafundisha kisa cha mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Na katika Sura ya Al-Kahf, mbwa wa vijana wa pangoni anatajwa pamoja nao, akiwa amejinyoosha kizingitini. Alikuwa na heshima yake, na alikuwa mlangoni.

Sababu ya tatu ni hofu. Mtu anayemfuga mbwa wake tangu akiwa mdogo husahau kwamba wengine hawamjui. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee anayetembelea mkongojo, binti aliyewahi kuumwa akiwa njiani kwenda shule: hao wote wakimkuta mbwa katikati ya rafu mbili, hawana pa kukimbilia. Maneno kama "usiogope, haumi" hayawasaidii, kwa kuwa mbwa huyo mwenyewe hajawaahidi chochote. Nafasi nyembamba humbana hata mnyama. Mbwa mpole kabisa akikanyagwa mkia, au akizongwa na watu asiowajua, huweza kung'ata kwa woga.

Sababu ya nne ni nzito kuliko zote, na inahitaji nafasi yake.

Kichaa cha mbwa bado kipo kwetu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa kichaa cha mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba karibu maambukizi yote kwa binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio yanayotumika mara nyingi ni vifo 1,500 kwa mwaka. Watoto wa chini ya miaka 15 ndio wanaoumwa zaidi, kwa sababu wanacheza na mbwa, wanamkaribia wakati anakula, na wakikwaruzwa huficha wasije wakagombezwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Kabla ya dalili, unazuilika kabisa.

Kwa hiyo kila mwenye duka, kila mzazi na kila mfuga mbwa ayashike haya. Mtu akiumwa, akikwaruzwa au akilambwa kwenye kidonda na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wengi wanavyofikiri, tazama saa. Kisha ipakwe dawa ya kuua vijidudu, kama aidini au spiriti. Usipake majivu, mafuta ya taa wala unga wa mizizi, na usikimbilie kufunga jeraha kwa kitambaa cha kubana. Siku hiyohiyo mpeleke mgonjwa kituo cha afya au Hospitali ya Kitete. Ukiweza, piga simu kwanza uulize kama chanjo ipo, ili usipoteze muda kuzunguka.

Chanjo hutolewa kwa awamu. Ikichomwa ndani ya ngozi, mpango wa sasa wa Shirika la Afya Duniani ni siku ya kuanza, siku ya 3 na siku ya 7. Ikichomwa kwenye msuli, siku huwa nyingi zaidi. Jeraha la kina, au lililo kichwani na shingoni, huweza kuhitaji pia dawa ya kinga inayowekwa kwenye jeraha lenyewe. Asikudanganye mtu kwamba sindano moja imetosha kwa kuwa kidonda kimepona. Kidonda hupona huku virusi vikisafiri kwenye mishipa ya fahamu, na dalili huweza kuja baada ya wiki au miezi.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa pupa. Ikiwa inawezekana kwa usalama, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, afisa mifugo akiwa amejulishwa. Akibaki mzima siku zote hizo, ni habari njema, ingawa mgonjwa hangoji siku hizo ziishe ndipo aanze chanjo. Akifa, taarifa itolewe haraka ili achunguzwe; Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo chake hapahapa Tabora. Mzoga usishikwe kwa mikono mitupu.

Na kinga ya kweli ni kuchanja mbwa wenyewe. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Wataalamu wanasema tukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kuendelea. Hilo limethibitika katika nchi yetu wenyewe. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa ziliufuta ugonjwa huo kufikia mwaka 2014. Uchanjaji ulipolegea ukaingia tena mwaka 2016, na uchanjaji uliporudishwa ukafutwa mara ya pili kufikia mwaka 2018. Pemba ni kisiwa, na bado ulirudi. Tabora ni njia panda ya reli na barabara, mifugo na mbwa wake wakipita kila msimu. Kwetu kulegea ni hatari zaidi.

"Mbona Ulaya wanaingia nao?"

Hoja hii husemwa sana na waliosafiri, na haifai kubezwa. Ni kweli kwamba Ufaransa utamkuta mbwa chini ya meza ya mgahawa, na Uingereza utamkuta kwenye baa na katika maduka ya nguo. Ila yako mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, Uingereza iliondoa kichaa kwa mbwa wake mwaka 1922, na Ufaransa ilitangazwa huru mwaka 2001. Wanaweza kustarehe mahali ambapo sisi hatujafika. La pili, hata huko, sheria za usafi za Ulaya zinataka wanyama wa kufugwa wazuiwe kufika mahali chakula kinapoandaliwa, kinaposhikwa au kuhifadhiwa, na maduka mengi ya vyakula huwakataa mbwa mlangoni. Tena chakula chao kingi kimefungwa kwenye pakiti. Chetu kiko kwenye gunia lililo wazi.

Tukishachanja mbwa wetu kwa miaka, tukafunika vyakula na tukawa na maduka mapana, wajukuu wetu wanaweza kulijadili upya swali hili. Leo jibu ni kibaraza.

Maduka hayafanani

Kanuni ni moja, lakini ukali wake unatofautiana.

Bucha, mgahawa, duka la vyakula, mama ntilie na mashine ya kusaga: mbwa asivuke kizingiti, isipokuwa anayemwongoza asiyeona. Kwenye bucha mwenye duka aongeze jambo moja: asiwarushie mbwa mabaki ya nyama mbichi na matumbo. Kufanya hivyo huwafundisha mbwa kukusanyika hapo. Pia ipo aina ya tegu anayeishi kwenye utumbo wa mbwa, ambaye mbwa humpata kwa kula maini na mapafu mabichi yenye malengelenge. Mayai yake yakimwingia binadamu, huota uvimbe wa maji ndani ya ini au mapafu. Mabaki yafukiwe, yachomwe, au yachemshwe sana kabla ya kupewa mbwa.

Duka la dawa za binadamu: asiingie. Wanaofika hapo ni wagonjwa, na wengine wana vidonda.

Saluni, duka la vitambaa na fundi cherehani: hapa hakuna chakula, lakini kuna nguo za watu, ambazo baadhi yao watasali nazo. Kwa hiyo mbwa abaki nje.

Duka la vifaa vya ujenzi, gereji au duka la vipuri vya baiskeli: mwenye duka ana hiari zaidi, maana bidhaa ni misumari, saruji na minyororo. Nashauri hata hapa mbwa awe amefungwa kamba fupi, na atolewe mara tu mteja mwingine akionyesha wasiwasi, bila kungoja aombe.

Duka la dawa za mifugo: mbwa anaruhusiwa kwa shughuli yake, akiwa amefungwa kamba na, kama ni mkali, amevishwa kifunga mdomo. Akifika mteja mwingine na mbuzi au kuku, wapeane nafasi.

Mbwa anayemwongoza asiyeona

Tabora ina historia ya elimu ya watoto wasioona kupitia Shule ya Furaha, kwa hiyo tusizungumze kana kwamba jambo hili haliwezi kutufikia. Mbwa wa kuongoza bado ni nadra sana nchini, kwa kuwa mafunzo yake ni marefu na ya gharama kubwa. Lakini mgeni anaweza kushuka treni kesho akiwa naye, na mtu wetu anaweza kumpata keshokutwa.

Kazi hiyo si ya juzi. Mwaka 1916, mwaka uleule ambao majeshi ya Wabelgiji yaliwatoa Wajerumani hapa Tabora, huko Oldenburg, Ujerumani, ilifunguliwa shule ya kufundisha mbwa wa kuwaongoza askari waliopofuka vitani. Leo Marekani, kwa sheria ya mwaka 1990, na Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2010, duka haliwezi kumkataa mteja asiyeona kwa sababu ya mbwa wake. Sisi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ambayo msingi wake ni kwamba mtu asibaguliwe kwa ulemavu wake wala asinyimwe njia ya kufikia huduma zilizo wazi kwa wengine.

Kwa hiyo mbwa wa kuongoza aruhusiwe. Utamtambua kwa mkanda maalumu wenye mpini mgumu ambao mwenyewe ameushika, na kwa utulivu wake: hanusi rafu, hafuati watu. Usimshike kichwa, usimpe chakula, usimwite, yuko kazini. Zungumza na mtu, si na mbwa, na mpitishe upande ulio mbali na magunia yaliyo wazi. Mteja mwingine akilalamika, mweleze kwa upole kwamba yule ndiye macho ya mwenzetu, kisha mhudumie upesi kila mmoja.

Ushauri kwa mwenye mbwa

Jambo la kwanza ni chanjo, na kadi yake itunzwe. Mbwa asiyechanjwa hata kibarazani asifike.

Kama unakwenda dukani tu, muache nyumbani. Mbwa hanufaiki na foleni ya sukari. Matembezi yake yafanye asubuhi au jioni, na dukani uende wakati mwingine.

Ukilazimika kwenda naye, mfunge kamba tangu nyumbani. Mwache kibarazani mahali penye kivuli, mbali na njia ya watu na mbali na barabara yenye bodaboda, kwa kamba fupi inayomtosha kulala lakini isiyomfikisha mlangoni. Jua la Tabora mwezi Septemba na Oktoba si la mchezo. Sakafu ya saruji iliyopigwa na jua huunguza nyayo. Kama kivuli hakuna, usimwache. Kama muda utazidi dakika chache, usimwache. Usimfungie ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata ukiwa umefungua kioo kidogo. Joto la ndani hupanda haraka na kuua.

Mfundishe mambo matatu kabla hujamleta mjini: kukaa anapoambiwa, kungoja bila kubweka, na kutomrukia mtu. Mafunzo haya yanawezekana kwa mbwa wa kienyeji kama kwa mbwa wa kigeni. Dakika chache kila siku, kwa sauti ya upole na kipande cha ugali kama zawadi, hufanya kazi kuliko fimbo.

Beba karatasi ya kuokota kinyesi. Kibaraza cha mtu si choo, na watoto hukaa pale.

Mwenye duka akikuambia mbwa abaki nje, usijibu kwa ukali wala usianze kueleza anaogeshwa kwa sabuni gani. Hilo ni duka lake na wateja wake. Sema, "Sawa, mama, nimeelewa," kisha fanya hivyo.

Wazazi, mtoto asitumwe dukani na mbwa. Mtoto wa miaka saba hawezi kumzuia mbwa aliyemwona mbwa mwenzake ng'ambo ya barabara. Mfunge mbwa kwanza, ndipo umtume mtoto.

Ushauri kwa mwenye duka

Anza na mbwa wako mwenyewe. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu ndipo tatizo kubwa lilipo. Wenye maduka wengi hufuga mbwa wa ulinzi, na baadhi yao usiku hulaza mbwa huyo stoo, katikati ya magunia. Asubuhi mlango unafunguliwa, mbwa anatolewa, na mchele unapimwa. Mwenye kufanya hivyo hana haki ya kumzuia mbwa wa mteja. Mbwa wa ulinzi alale uani, kwenye kibanda chake, akilinda mlango kutokea nje. Mwizi humwogopa mbwa anayebweka uani mapema kuliko aliyefungiwa ndani.

Pili, weka tangazo fupi, la heshima, kwa maandishi makubwa: "Karibu mteja. Tunaomba mbwa abaki kibarazani. Mbwa anayemwongoza asiyeona anakaribishwa." Tangazo linakuokoa na kugombana, maana kanuni imekuwepo kabla ya mteja kufika. Liwe kwa wote: bosi, jirani, mgeni na mfugaji kutoka kijijini. Ukimruhusu mmoja kwa cheo chake, kanuni imekufa.

Tatu, andaa kibaraza. Pete ya chuma iliyozamishwa ukutani au nguzo imara, upande usiopitwa na watu, na chombo cha maji safi. Gharama yake ni ndogo. Mteja mwenye mbwa atakumbuka kwamba hukumfukuza, atarudi.

Nne, inua bidhaa. Magunia yawekwe juu ya vichanja vya mbao, dagaa na karanga zifunikwe. Hili litakulinda na panya, mende na unyevu pia, kwa hiyo hulifanyi kwa ajili ya mbwa peke yake.

Tano, wafundishe vijana wako maneno ya kusema. Wahenga walisema biashara haigombi. Mteja akiingia na mbwa, kijana asipige kelele "toa mbwa wako!" Aseme: "Karibu sana, kaka. Tunamwomba mbwa abaki hapo kibarazani, pa kumfungia papo, nami nakuhudumia sasa hivi." Kama mteja ni mzee au yuko peke yake, kijana atoke na bidhaa amhudumie nje. Kwa miaka mingi maduka yetu yaliuza dirishani. Hakuna aibu kurudi dirishani kwa mteja mmoja.

Mbwa wasio na mwenyewe

Wengi wa mbwa wanaojipenyeza madukani na sokoni hawana mtu wa kuwashika kamba. Wanafuata harufu ya mabaki. Hao wanahitaji hatua ya pamoja ya wafanyabiashara, serikali ya mtaa na halmashauri: taka zizolewe kila siku, mapipa yawe na vifuniko, na mbwa wa mtaani wajumuishwe katika uchanjaji. Mtaa ukiomba kwa barua, kupitia mwenyekiti na afisa mtendaji, unasikilizwa zaidi kuliko mtu mmoja anayelalamika.

Kuwamwagia maji ya moto, kama inavyofanyika kwenye baadhi ya vibanda vya chakula, ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Zaidi ya hapo, haisaidii. Mbwa aliyeunguzwa huwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye mwepesi wa kung'ata. Mfukuze kwa sauti, ondoa kilichomvuta, na toa taarifa ukimwona mbwa anayetokwa mate mengi, anayeyumba, au anayeuma kila kitu bila kuchokozwa. Huyo usimkaribie.

Tukubaliane hivi

Kuanzia Tura hadi Tabora, Urambo, Kaliua, Uvinza na Ujiji, miji ya njia ya zamani ya misafara imeishi kwa kupokea watu wasiofanana, kila mmoja na imani yake na mali yake. Tuendelee hivyo. Mteja apewe heshima, mnyama apewe kivuli na maji, na chakula cha wote kilindwe.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur, aliyewezesha chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo kutumika kwa binadamu mwaka 1885. Usingoje tarehe hiyo. Mwenye mbwa, wiki hii nenda kwa afisa mifugo wa kata yako uulize chanjo inapatikana lini na wapi. Mwenye duka, wiki hii piga pete ya chuma kibarazani, bandika tangazo na umtoe mbwa wako stoo. Mkifanya hayo, swali la mbwa dukani litakuwa limekwisha Tabora.